Mwaka wa Ngiri ya Baba Mkubwa

Nilipofika msibani Usagara, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumtukana marehemu. Nilishuka kwenye bajaji nikishikiliwa na mjukuu wangu, nikasimama mlangoni na mkongojo wangu, nikauliza kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Yuko wapi huyo mpagazi? Amelala tena? Nani amempa ruhusa ya kutua mzigo?" Wanawake waliokaa mkekani wakageuka wote. Binti mmoja aliyevaa nguo nyeusi, nadhani alikuwa ametoka Dar es Salaam, akanitazama kama anayetafuta mtu wa kunitoa nje. Ndipo mjane wa marehemu Mihayo, ambaye macho yake yamekwisha kama yangu, akaitambua sauti, akaangua kicheko katikati ya kilio. "Mwacheni," akasema. "Huyo ni Mzigua, mtani wake. Mwacheni aseme." Nikaketi ubavuni mwake, tukashikana mikono, nikayasema yote niliyopaswa kuyasema: kwamba Wanyamwezi ni wavivu mpaka kwenye kufa, wanafia kitandani, na kwamba huyu ametangulia makusudi ili asije akanichimbia kaburi mimi. Nilipomaliza, nikalia kama watu wengine.

Vijana wa leo utani wanaoujua ni wa timu za mpira. Sisi Wazigua na Wanyamwezi tunao wetu, tulioachiwa na mababu tangu enzi za misafara, na una sheria zake. Mtani anaweza kukuvua kofia mbele ya wakwe zako na usikasirike. Anaweza kuingia jikoni kwako akajichotea mboga. Ukifa anakuja kuchimba kaburi, na kabla hujateremshwa anajilaza humo yeye kwanza na kudai kwamba nafasi imekwisha kuchukuliwa, mpaka wafiwa wambembeleze atoke. Juu ya yote, mtani hana haya nawe, wala wewe huna haya naye. Lile ambalo mwanao hapaswi kuliona na ndugu yako hapaswi kulisikia, mtani analiona, analisikia, analicheka, na heshima yako inabaki pale pale. Tulipokuwa tunarudi kutoka mazikoni, mjukuu wangu, ambaye naye anasomea uuguzi, aliniuliza kwa nini nimemlilia Mihayo kuliko nilivyowalilia baadhi ya ndugu zangu wa damu. Nikamjibu kwamba kama si matusi ya yule mzee, mimi nisingekuwa nesi. Hakunielewa, kwa hiyo naandika.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, nami niko mwaka wangu wa kwanza wa kusomea unesi katika hospitali ya serikali mjini Tanga. Bweni letu lilikuwa nyumba ndefu ya mabati nyuma ya jengo kubwa, vitanda vya chuma vimepangwa kwa mstari na kila kitanda na chandarua chake kilichofungwa fundo juu mchana kutwa. Kulikuwa na harufu mbili ambazo mpaka leo zikinijia pamoja naona kile chumba: harufu ya lizoli, dawa ya kusafishia sakafu, na harufu ya kanji tuliyokuwa tunachemsha kutia kwenye sare. Kanji ile ilikuwa inakauka kiasi kwamba ukikaa gauni linabaki limesimama peke yake. Kitanda cha pili kutoka changu alilala Eliza, Msambaa wa Kilutheri kutoka milimani, msichana mnene mwenye kicheko cha ghafla, ambaye joto la Tanga lilikuwa linamtesa kuliko mitihani. Yeye alikuwa analetewa viazi na matunda ya kwao katika kikapu, mimi naletewa mkate wa kumimina na samaki wa kukaanga kutoka kwetu Kigombe, na Ijumaa jioni tulikuwa tunaviweka vyote juu ya sanduku langu la bati na kula mpaka tunashindwa kuinama. Siku nyingine ilikuwa ugali na maharage ya jikoni hospitali, maharage ambayo mpishi alikuwa anayapika kama vile ana ugomvi nayo. Tulikuwa na njaa ya ujana, tuliyala hivyo hivyo.

Watu wakisikia nesi wanafikiria sindano. Mwaka ule wa kwanza sindano niliziona zikichemka tu kwenye sufuria lake juu ya jiko la mafuta la praimasi. Kazi yenyewe ilikuwa vitanda: kutandika shuka bila kumwondoa mgonjwa, kumgeuza upande asiote vidonda, kukunja pembe za shuka mpaka ziwe sawa na pembe za jirani. Ilikuwa maji: kuogesha, kuosha midomo, kupeleka bakuli la choo limefunikwa kwa kitambaa na kulirudisha hali kadhalika, kusugua mabakuli hayo katika chumba kidogo cha nyuma ambacho hata Eliza, aliyekuwa anaimba kila mahali, alikuwa anaingia kimya. Ilikuwa kulisha watu wazima kwa kijiko bila kuwafanya wajione watoto. Matroni, mkuu wa manesi, Mwingereza mrefu aliyekuwa anazungumza Kiswahili cha kunyooka bila tabasamu hata moja, alikuwa anapita na kidole chake juu ya fremu za vitanda kutafuta vumbi. Lakini kosa ambalo hakulisamehe si vumbi. Ukimwosha mgonjwa mkono ukamwacha mguu wazi, hata kama yumo ndani ya pazia, hata kama amezimia, Matroni alikuwa anakuja kuufunika mwenyewe, kisha anakutazama mpaka unatamani sakafu ifunguke. "Unaosha mkono," alikuwa anasema. "Mguu haukuhusu." Nilimwogopa sana, na niliipenda ile kazi kwa namna ambayo nilishindwa kumweleza mtu.

Baba Mkubwa Sefu, kaka yake marehemu baba yangu, ndiye aliyekuwa na kauli juu yangu, na alikuwa ameniruhusu kwa shingo upande. Mtu wa msikitini, mwenye shamba la minazi Kigombe, mpole hata anapokataa. Alikubali nijaribu mwaka mmoja kwa sharti moja, nihudumie wanawake na watoto tu. Alilisema sharti lile kwa Matroni mwenyewe, uso kwa uso, na Matroni akamjibu kwamba wagonjwa ni wagonjwa, jibu ambalo Baba Mkubwa alilichukua kuwa ni ndiyo. Mwaka ulipokaribia kwisha nikapangiwa wodi ya wanaume. Sikulala vizuri wiki ile yote, lakini nilikwenda, kwa sababu kukataa wodi kulikuwa ndiko kuacha masomo. Asubuhi moja nikiwa katika chumba cha kuoshea mabakuli nikasikia sauti za Kigombe nje ya dirisha, wanawake waliokuja kumtazama jamaa yao wamekaa barazani wanasubiri saa ya kuingia. "Yule si mtoto wa kwa Mzee Sefu yule?" mmoja akauliza. "Ndiye yeye. Nimemwona kwa macho yangu haya, katoka kwa wanaume na bakuli mkononi." "Haa! Na yule mzee anajua?" "Atajua," akajibu yule aliyeniona, na kwa jinsi alivyotamka nilijua kwamba atajua kabla ya magharibi.

Baba Mkubwa alikuja kesho yake asubuhi, amepanda lori la mkonge, kanzu nyeupe na kofia ya kazi ya mkono, amesimama nje ya uzio wa bweni kama mtu aliyekuja kutoa pole. Nikatoka mbio. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Nimekuja kukutwaa." Hakupaza sauti. Nilisema kwamba mtihani uko karibu. Nilisema kwamba wale wagonjwa wa kiume wengi ni wazee, hawajiwezi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sina ugomvi nawe. Umefanya uliyoambiwa. Mie ndiye niliyekosea kukuleta mahali mwana wa watu anawavua wanaume nguo. Kalete sanduku lako." Eliza alinisaidia kulitoa, analia kwa sauti utadhani ni yeye anayefukuzwa, na mimi machozi hata hayakutoka. Nilikuwa nimekauka. Nikasema nimwite mtunza bustani atubebee mpaka barabarani, Baba Mkubwa akakataa. Hakutaka mtu yeyote wa mahali pale aguse chochote chake. Akafunga kanzu yake kiunoni, akainama, akalinyanyua lile sanduku kwa mkupuo mmoja ili alitie begani.

Halikufika begani. Alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekumbuka jambo, akaliteremsha polepole na kulikalia. Nikaona jasho linamtoka juu ya mdomo. "Ni kichomi tu," akasema. "Kitapita." Akainama pembeni, akatapika. Mkono wake wa kulia ulikuwa umebana chini ya tumbo, kwenye maungio ya paja, na nilipoutazama mkono ule nikaelewa mambo mengi kwa pamoja: kwa nini alikuwa anatembea kwa kujivuta kidogo miaka yote ile, kwa nini chini ya kanzu kila siku alikuwa amejifunga kitambaa kipana, kwa nini alikuwa wa mwisho kuinuka kwenye sala. Alikuwa na ngiri. Wanaume wa pwani walikuwa wanaificha mpaka kwa wake zao, na yeye alikuwa ameificha mpaka kwangu niliyekuwa nasomeshwa habari zake. Sanduku lilikuwa limeisukuma nje, na sasa ilikuwa imebanwa, hairudi. Tulimweka kwenye machela akiwa anakataa, kwa heshima, mpaka pumzi za kukatalia zilipomwishia.

Daktari alimtazama kwa tabu, kwa sababu Baba Mkubwa alikuwa ameishikilia kanzu yake kwa mikono yote miwili. Akatuambia wazi kwamba utumbo umebanwa, na usipofunguliwa kabla ya jioni utaoza na mzee atakufa. Baba Mkubwa aliyasikia, akafumba macho. "Basi nife na nguo zangu," akasema. Dresa wa zamu, msaidizi wa kiume wa wodini, alikuwa kijana wa Kidigo mwenye adabu za kupindukia, ambaye kazi yake ilikuwa kumnyoa na kumsafisha kabla ya kupasuliwa. Alikwenda na beseni lake na wembe. "Shikamoo babu. Samahani sana babu. Naomba radhi babu." Kila shikamoo ilikuwa inaongeza ubaya. Mzee mwenye haya anapoheshimiwa ndipo anapokumbuka zaidi kwamba yeye ni mzee na aliyesimama mbele yake ni mtoto, na Baba Mkubwa alizidi kujikunja kama jongoo. Dresa akatoka nje ya pazia, machozi yanamlengalenga. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili, sina ruhusa ya kuingia, sina nguvu ya kuondoka. Niliogopa atakufa. Na niliogopa, tena niseme kweli bila kuremba, kwamba atakufa kwa sababu ya sanduku langu, na Kigombe nzima itajua hivyo. Hata akipona, kilichokuwa kinanisubiri ni lori la kurudi nyumbani. Lakini saa ile hilo la lori nilikuwa tayari nilipokee kwa mikono miwili, mradi apone.

Sijui kwa nini nilikumbuka msiba wa shangazi yetu. Niliona kaburi la Kigombe, na manamba wa Kinyamwezi, vibarua wa mkataba kutoka shamba la mkonge, wamejilaza ndani yake, wanapiga kelele kwamba Mzigua huyu ni mnene, hatoshi, na Baba Mkubwa, mpole yule, msafi yule, amesimama ukingoni analia na kucheka na kuwajibu matusi ambayo sikujua kwamba anayajua. Nikamkumbuka Mihayo. Alikuwa dresa wa chumba cha vidonda, upande wa wagonjwa wa nje, kijana bado lakini mwenye tumbo dogo la mviringo, Mkatoliki, baba yake alikuja pwani kukata mkonge na hakurudi tena kwao. Kila asubuhi nikipita mlangoni kwake alikuwa ananiita mtumwa wake. Nikakimbia kwenda ofisini kwa Matroni.

"Manesi hawakimbii," akasema bila kuinua uso.

"Samahani Matroni. Naomba Mihayo wa chumba cha vidonda aje wodi ya wanaume."

"Kwa nini? Dresa yuko."

"Yule wa wodini ana adabu nyingi mno."

Hapo aliinua uso. "Adabu nyingi mno."

"Ndiyo Matroni. Mgonjwa huyu anahitaji mtu wa kumtukana."

Akavua miwani. Nadhani alikuwa anataka kuniuliza kama nina homa. Nikaeleza, maneno yakigongana, habari za Wazigua na Wanyamwezi na makaburi na kofia na haya, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwendawazimu. Matroni akaiweka miwani mezani. Alikuwa ameishi pwani miaka mingi kuliko umri wangu, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumweleza jambo lile. Mwishowe akatazama saa ya ukutani. "Mlete," akasema. "Lakini asimtukane mbele ya daktari."

Mihayo alisikiliza maneno yangu huku anamalizia kufunga bandeji ya mtu, akanawa mikono taratibu mpaka nikataka kumvuta. Alipoingia wodini hakusema shikamoo wala hodi. Alilisukuma pazia kama anayeingia chooni kwake. "Nimeambiwa kuna Mzigua humu," akasema. "Nikasema si kweli, mbona harufu sikuisikia tangu getini?"

Mimi nilikuwa nje ya pazia, ngumi mdomoni. Kisha ikatoka sauti ya Baba Mkubwa, nyembamba, ya mtu aliyebana meno. "Nani amekuruhusu kutua mzigo, Mnyamwezi wewe?"

Amejibu, nikajiambia, nikashika fremu ya kitanda cha jirani.

"Mzigo!" Mihayo akapiga kofi. "Ndiyo nimekuja kuulizia habari ya mzigo. Tangu lini Mzigua akabeba? Kubeba ni kazi yetu. Babu yangu alitoka Tabora mpaka baharini na pembe ya ndovu kichwani, na utumbo wake ulibaki mahali pake. Wewe sanduku la mtoto wa kike, khanga na marashi, limekutoa matumbo!"

"Lilikuwa zito, mjinga wewe."

"Lilikuwa zito kwa Mzigua. Sasa nisikilize. Mwaka wa njaa babu yako alikuja kwa babu yangu akajiuza kwa kibaba cha mtama. Je, si kweli?"

"Mtama wenyewe ulikuwa na wadudu."

"Lakini aliula! Basi wewe ni mali ya ukoo wangu. Hiyo unayoificha hapo na mikono si yako. Ni mali yangu, imeharibika, na nataka itengenezwe. Ondoa mikono nikague mali yangu."

Alicheka. Baba Mkubwa alicheka, na kicheko kikamwuma, akalia kwa maumivu na kucheka tena, na kati ya vicheko viwili nikasikia kanzu inavuliwa. "Kagua, mpagazi," akasema. "Ila wembe wako uwe mkali." Maji yakachuruzika ndani ya beseni. Mihayo hakunyamaza hata kidogo muda wote ule, alitukana kila kitu alichokiosha, na mgonjwa wa kitanda cha pili, manamba mzee aliyevunjika nyonga, akajifunika shuka usoni akitetemeka kwa kicheko.

Walipomsukuma kwenda chumba cha upasuaji Matroni alinipa shashi, kitambaa chepesi cha vidonda, nikunje. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake kwa kila aliyepatwa na hofu, kukunja shashi vipande vya kutia kwenye makopo ya kuchemshia. Nilikunja mpaka meza ikajaa. Kutoka dirishani nilikuwa naona wauguzi wa zamu ya mchana wanapita na sahani zao, na adhana ya alasiri ikalia mjini, na mimi nikaomba dua zote nilizozijua kwa mpangilio wowote zilivyonijia. Alipotoka daktari, aproni bado kifuani, alimwambia Matroni kwa Kiingereza kwamba utumbo ulikuwa mweusi kidogo lakini ulipofunguliwa ulirudi rangi yake, hakukata chochote. Matroni akanigeukia, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kunyooka, "Mzee ni mzima. Nenda ukale." Nikaenda jikoni nikapewa maharage yaliyopoa, yale yale ya ugomvi, nikayala yote huku machozi yananidondokea sahanini. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile. Mwili mzima ulikuwa mwepesi, hata viatu nilivisikia vimelegea.

Katika kazi yangu yote iliyofuata, nilipokuwa nesi kamili na baadaye mwalimu wa manesi, nilikuwa naanza somo la kumwosha mgonjwa kwa swali ambalo vitabuni halimo: huyu mtu anaweza kuguswa na nani? Wanafunzi walikuwa wanacheka. Kisha wanakwenda wodini na kukuta mama mkwe amelazwa kwenye wodi anayohudumu mkwewe, au shehe mbele ya binti aliyemfundisha Kurani, wanarudi kwangu hawacheki tena. Dawa inaingia mwilini kwa njia ya mtu, na mtu ana wa kumwonea haya na wa kutomwonea. Mihayo alilijua hilo, lakini hata yeye hakuwa analiita maarifa. Nilipomshukuru jioni ile aliniambia nimekosea kumwita mapema, angependa kumwacha Mzigua yule ajikunje kidogo zaidi.

Baba Mkubwa alipopata fahamu hakusema neno kuhusu safari. Mama Mkubwa alikuja kutoka Kigombe na uji wa mchele na khanga safi, akaniuliza kwa macho kama narudi nyumbani, nami nikampokea uji tu. Sanduku lilikuwa limerudishwa bwenini, lakini nguo sikuzipanga kwenye kabati, nilikuwa nachomoa moja moja asubuhi kama msafiri. Wodi ile ile niliendelea nayo. Siku zile wagonjwa wa ngiri walikuwa wanalazwa chali muda mrefu, na kutoka kitandani kwake Baba Mkubwa alikuwa anaiona wodi yote. Nilijua kwamba ananitazama. Ananitazama nikipima homa, nikimgeuza yule manamba wa nyonga, nikimpelekea bakuli na kulirudisha. Nilikuwa nafanya kazi huku mgongo wangu umekuwa mgumu kama ubao, nikingoja aseme, na yeye akawa anasema tu, "Ahsante mwanangu," nikimpa maji, na kugeukia ukuta.

Ikafika siku ya kutoa nyuzi, na ilikuwa Jumapili. Mihayo, aliyekuwa amemfunga na kumfungua vidonda siku zote hizo kwa matusi mapya kila asubuhi, alikuwa kanisani. Sista wa zamu, nesi msimamizi wa wodi, akasema daktari anataka nyuzi ziwe zimetoka kabla hajapita, akatazama huku na huku, akanionyesha mimi. Nikaandaa toroli: mkasi, koleo, pamba, spiriti, taulo safi. Nikalisukuma mpaka kitandani kwake na magurudumu yake yakilia njia nzima.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Leo nyuzi zinatoka, baba. Mihayo hayupo. Nimwombe Sista tumsubiri?"

Aliutazama mkasi, akatazama dari. "Mihayo ni mtani wangu," akasema. "Mtani hana haya, wala mie sina haya naye. Wewe ni mwanangu."

Niliona kwamba nimejibiwa. Sikukasirika. Nilijisikia tu kwamba kitu nilichokuwa nimekishika kwa muda mrefu kimeniponyoka, na mikono imebaki haina kazi. Nikaligeuza toroli.

"Unakwenda wapi?"

"Kumsubiri, baba."

"Nani aliyekwambia usubiri? Sijamaliza kusema." Akajiinua kidogo kwenye mto. "Nimelala hapa sina kazi ila kutazama. Yule mzee wa nyonga, nimekuona unavyomwosha pazia likiwa wazi upande huu. Ukiosha mkono, ni mkono. Huko kwengine umemfunika kama maiti wa heshima. Mie nilikuja kukutwaa kwa kuwa niliambiwa unawavua watu nguo. Kumbe kutwa kucha unawafunika." Akatafuta pumzi. "Basi nifunike na mie kama unavyowafunika wenzangu, ufanye kazi yako."

Nilivuta pazia. Nikatandaza taulo moja juu na moja chini mpaka kikabaki wazi kile kidonda tu, mstari mmoja uliopona vizuri, na Baba Mkubwa akageuza uso ukutani na kusema Bismillahi kabla yangu. Nikakata uzi wa kwanza, nikauvuta, nikapangusa mahali pake kwa spiriti. Nikakata wa pili.

"Umemaliza?" akauuliza ukuta.

"Bado, baba."

"Basi usifanye haraka," akasema. "Si hata kesho utakuwapo hapa?"

"Nitakuwapo, baba," nikasema, nikashika uzi uliofuata.